Soichiro Honda: Mtoto wa mhunzi aliyependa harufu ya oili

Katika kijiji cha Mloka, wilayani Rufiji, pikipiki si anasa. Ndiyo inayobeba gunia la ufuta kutoka shambani, ndiyo inayowahisha samaki wa Mto Rufiji sokoni kabla hawajaharibika, na ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati usiku wa manane. Kijiji kiko kando ya lango la Mtemere, mlango wa kuingilia eneo lililokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous na ambalo mwaka 2019 lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Anayetoka Kibiti kwenda huko na mzigo anajua habari ya vumbi la kiangazi, mchanga unaomeza gurudumu na tope la masika.

Katika mazingira hayo injini ya pikipiki hufa mapema. Mara nyingi haiuawi na mchanga wala uzito wa mzigo peke yake. Huuawa na oili iliyokaa humo mpaka ikawa nyeusi na nyepesi kama maji ya mkaa, kwa sababu mwenye pikipiki alisema ataibadilisha wiki ijayo. Injini ikinoki katikati ya mavuno, mkulima anapoteza chombo na msimu kwa pamoja.

Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, mtoto mmoja wa mhunzi huko Japani aliinama barabarani akachovya vidole kwenye oili iliyodondoka chini ya gari. Mtoto huyo alikuja kuwa mtengenezaji wa pikipiki mashuhuri kuliko wote duniani. Jina lake ni Soichiro Honda. Maisha yake yana somo kwa kila mtu anayeweka mtaji wake kwenye magurudumu mawili.

KUZALIWA KATIKA KARAKANA

Soichiro Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi. Alifua majembe na zana nyingine za wakulima, na baadaye akaongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Haikuwa familia ya watu wenye uwezo.

Mtoto huyo alikulia kwenye mlio wa nyundo na moshi wa tanuri. Alikuwa bado mdogo siku gari la kwanza lilipopita kijijini kwao. Alilikimbilia kwa nyuma, na liliposimama likaacha matone ya oili ardhini. Watoto wengine walilishangaa gari. Yeye aliinama, akaigusa oili, akainusa na kujipaka mikononi. Hadi uzeeni alikuwa akisimulia kuwa siku ile ndipo ilipoanza ndoto ya kutengeneza gari lake mwenyewe.

Mwaka 1917, rubani Mmarekani aitwaye Art Smith alifika Hamamatsu kuonyesha michezo ya ndege. Honda, akiwa na umri wa miaka kumi, alichukua pesa za nyumbani bila ruhusa, akapanda baiskeli ya baba yake iliyomzidi kimo na kwenda peke yake. Alipofika, pesa alizokuwa nazo hazikutosha kiingilio. Akapanda juu ya mti na kutazama maonyesho yote kutoka huko.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Ripoti za wanafunzi zilipaswa kupigwa muhuri wa familia ili kuthibitisha kuwa mzazi ameziona. Honda alijichongea muhuri wake kwa mpira wa pedali ya baiskeli, na mambo yakaenda vizuri. Kisha akawachongea na wenzake, na hapo ndipo alipokamatwa. Herufi za jina Honda zinafanana kulia na kushoto, kwa hiyo muhuri wake ulisomeka sawasawa. Hakujua kwamba majina mengine lazima yachongwe kinyume ili yakigongwa yasomeke. Hata udanganyifu una ufundi wake, na yeye aliujua nusu tu.

MIEZI YA KUBEBA MTOTO

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, Honda aliondoka kijijini kwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iitwayo Art Shokai, mali ya Yuzo Sakakibara. Alitarajia kushika spana siku ya kwanza. Badala yake alipewa ufagio, na baadaye akabebeshwa mtoto wa tajiri wake mgongoni. Ilipita miezi kadhaa akiwa yaya na mfagizi, huku akiwatazama mafundi kwa mbali. Aliwahi kufikiria kutoroka na kurudi kwao, lakini alivumilia.

Hali hiyo inafahamika vizuri na vijana wa gereji za Ikwiriri na Kibiti. Mwanagenzi huanza kwa kuosha vyombo vya kazi, kufuata spana na kununua chai ya mafundi. Tofauti huwa kwa yule anayetumia muda huo kuangalia. Siku kazi zilipozidi na Honda akaitwa kusaidia chini ya gari, tayari alikuwa ameona mengi.

Septemba 1, 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo na moto ukateketeza sehemu kubwa ya jiji. Gereji ya Sakakibara nayo iliungua. Honda, ambaye hakuwa na uzoefu wa kuendesha, alilitoa gari la mteja motoni kwa kuliendesha mwenyewe. Baada ya hapo mafundi wengi walirudi makwao, na waliobaki walipata kazi ya kufufua magari yaliyoungua. Kijana aliyekuwa akifagia miezi michache nyuma akawa fundi wa kutegemewa.

Mwaka 1924 Sakakibara na vijana wake walijenga gari la mashindano lililotumia injini ya ndege iliyotengenezwa na Curtiss ya Marekani. Novemba mwaka huo gari hilo lilishinda mashindano ya magari ya Japani, huku Honda akiwa amekaa pembeni ya dereva kama fundi. Mwaka 1928, akiwa na miaka 21, tajiri wake alimruhusu kufungua tawi la Art Shokai mjini Hamamatsu. Alirudi nyumbani akiwa na biashara.

RINGI TATU KATI YA HAMSINI

Gereji ilistawi. Honda alivumbua spoki za chuma za magurudumu ya magari wakati ambapo spoki nyingi zilikuwa za mbao, na uvumbuzi huo ukampatia hataza. Mwaka 1935 alimwoa Sachi, mwanamke aliyekuja kuwa msaada mkubwa katika biashara. Mwaka 1936 alipata ajali mbaya katika mashindano ya magari kwenye uwanja wa Tamagawa, akaumia yeye pamoja na mdogo wake.

Katika miaka hiyo ya 1930 alikata shauri kuachana na matengenezo na kuingia katika utengenezaji. Alichagua kifaa kidogo kisichoonekana: ringi ya pistoni. Anayefahamu injini anajua kazi ya ringi. Huzuia nguvu ya mlipuko isivujie chini, na huzuia oili isipande juu kuungua pamoja na petroli. Pikipiki inayotoa moshi wa bluu na kula oili kila wiki, mara nyingi ringi zake zimekwisha.

Honda alidhani kutengeneza ringi ni kazi rahisi kwa mtoto wa mhunzi. Alikosea. Ringi zake zilivunjika na kukwaruza silinda. Alikesha karakanani mpaka akiba ikaanza kuyeyuka. Mwishowe alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu, ambaye alipima ringi hizo na kumweleza kuwa chuma chake kina upungufu wa silikoni. Honda hakuwa amewahi hata kufikiria jambo hilo. Akiwa mtu mzima mwenye kampuni na wafanyakazi, aliomba kukaa darasani na vijana ili ajifunze sayansi ya vyuma. Alihudhuria masomo yaliyohusu ringi na kuruka mengine, akaondoka bila cheti.

Masaibu hayakuishia hapo. Alipopata oda ya kampuni ya Toyota, ringi 50 zilichaguliwa kupimwa, na ni tatu tu zilizopita. Alirudi nyuma, akatembelea viwanda na vyuo mbalimbali nchini Japani kujifunza jinsi ya kuhakikisha kila ringi inafanana na mwenzake. Baada ya hapo kampuni yake ya Tokai Seiki ikaanza kuzalisha kwa wingi, na mwaka 1942 Toyota ilichukua asilimia 40 ya hisa.

Vita Kuu ya Pili ikaja kuharibu yote. Hamamatsu ilishambuliwa kwa mabomu, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kiwanda kimoja. Vita vilipokwisha, Honda aliuza hisa zake kwa Toyota kwa yen 450,000, akapumzika karibu mwaka mzima bila kazi maalumu.

BAISKELI ILIYOFUNGWA INJINI

Japani ya mwaka 1946 ilikuwa nchi ya njaa. Petroli ilikuwa ya mgawo, treni zilijaa watu hadi madirishani, na wake kwa waume waliendesha baiskeli mwendo mrefu kwenda vijijini kutafuta mchele na viazi. Honda alikuta injini ndogo zilizokuwa zikiendesha majenereta ya redio za jeshi. Akapata wazo la kuzifunga kwenye baiskeli.

Oktoba 1946 alifungua karakana ndogo mjini Hamamatsu. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha kuwekea maji ya moto ya kupasha kitanda. Kwa kuwa petroli haikupatikana kwa urahisi, ilichanganywa na mafuta yaliyokamuliwa kwenye misonobari. Sachi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu barabarani, ili watu waone kuwa hata mwanamke anayetoka kutafuta chakula anaweza kuiendesha. Injini hizo, zipatazo 500, ziliisha haraka. Mwaka 1947 Honda akaanza kutengeneza injini yake mwenyewe.

Septemba 24, 1948 kampuni ya Honda Motor ilisajiliwa kwa mtaji wa yen milioni moja. Mwaka uliofuata Honda alikutana na Takeo Fujisawa, mtu aliyejua fedha na masoko kama yeye alivyojua vyuma. Waligawana kazi kwa uwazi: mmoja injini, mwingine mauzo na benki. Wafanyabiashara wengi wadogo huanguka kwa kutaka kufanya yote peke yao. Honda alijua asichokijua, akampa mwenzake.

Mwaka 1954 kampuni nusura ifilisike. Skuta mpya haikuuzika, pikipiki nyingine zilirudishwa zikiwa na hitilafu, na madeni ya mashine zilizonunuliwa nje yalikuwa yamekaribia kuiva. Fujisawa alikwenda benki na kwa wauzaji wa vipuri kueleza hali halisi bila kuficha, akapewa muda. Kampuni ikapona.

PIKIPIKI YA MUUZA CHAKULA

Fujisawa alikuwa na ombi moja kwa mwenzake. Alitaka pikipiki ambayo kijana wa mgahawa anayesambaza tambi angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mwingine umebeba sinia. Maana yake ni kwamba isiwe na klachi ya mkono, isipige kelele nyingi, isitumie mafuta mengi na isimchafue mtu nguo.

Mwaka 1958 ikatoka Super Cub. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo zisizofika 50 na klachi inayojiendesha yenyewe. Bei yake ilikuwa yen 55,000. Injini yake haikuhitaji oili kuchanganywa kwenye petroli kama pikipiki nyingi ndogo za wakati ule; oili ilikaa chini ya injini na kuzunguka humo. Jambo hilo lilipunguza moshi na gharama, lakini lilimpa mwenye pikipiki wajibu mpya: kuibadilisha oili hiyo kwa wakati. Mwaka 2017 idadi ya Super Cub zilizotengenezwa ilifikia milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto kilichowahi kufikia idadi hiyo.

Mwaka 1959 kampuni ilifungua duka Los Angeles, Marekani. Mwaka uliofuata zikaja habari mbaya. Pikipiki kubwa za Honda zilikuwa zikivuja oili na klachi zake zikifa. Wamarekani waliziendesha kwa kasi na kwa umbali ambao haukuwahi kujaribiwa Japani. Kampuni haikuwalaumu wateja. Pikipiki mbovu zilisafirishwa hadi Japani, zikaendeshwa usiku na mchana mpaka tatizo likaonekana, kisha gasketi ya kichwa cha silinda na springi za klachi zikabuniwa upya.

Mwaka 1961 pikipiki za Honda zilishinda mashindano ya kisiwa cha Man, ambayo Honda alitangaza nia ya kuyashiriki mwaka ule ule wa 1954 kampuni ilipokuwa taabani. Mwaka 1963 akaanza kuuza magari.

MKONO WENYE OILI

Honda hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na wafanyakazi walisimulia jinsi alivyorusha spana mtu alipofanya kazi ovyo. Mkono wake wa kushoto ulijaa makovu ya nyundo na patasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aling'ang'ania injini za magari zipoozwe kwa upepo, wakati wahandisi vijana waliona maji ndiyo njia sahihi. Ilichukua muda kabla hajakubali kuwa vijana wanajua kuliko yeye. Walipopewa nafasi, walibuni injini iliyotoa moshi mchache kuliko nyingine, na kampuni ikapata jina.

Mwaka 1973 Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Hakumrithisha mwanawe kampuni. Badala ya kukaa nyumbani, alizunguka Japani nzima kuwashukuru wafanyakazi, hata wa vituo vidogo vya mauzo na matengenezo, akimpa kila mmoja mkono. Husimuliwa kuwa katika kituo kimoja fundi alipotaka kumpa mkono aliona umejaa oili, akaurudisha nyuma akanawe kwanza. Honda alimzuia, akaushika mkono ule kama ulivyo, kisha akaunusa wake kwa furaha. Ilikuwa harufu ile ile ya barabarani pale Komyo.

INJINI ILIYOPIKWA KWA AJILI YA VIJIJI

Muda mfupi baada ya Honda kustaafu, kampuni yake ilipata malalamiko kutoka nchi zinazoendelea. Pikipiki nzuri ya sentimita za ujazo 125, iliyodumu miaka mingi Japani, ilikuwa ikifa mapema huko. Wahandisi walitumwa kuangalia. Walikuta pikipiki zikibebeshwa mzigo kupita kiasi, zikipita kwenye vumbi, na oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Kemshafti iliyokuwa juu kwenye kichwa cha silinda ilikosa oili safi na kulika.

Walifanya kama walivyofanya kwa Wamarekani. Walirudi mezani na kuchora injini nyingine. Kemshafti ilishushwa chini karibu na oili, na valvu zikafunguliwa kwa fimbo ndefu. Mnyororo ulifunikwa usile mchanga. Pikipiki hiyo, CG125, ilitoka mwaka 1976. Muundo wa injini yake umeigwa na viwanda vingi vya China, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania tangu miaka ya 2000 zina injini ya ukoo huo. Kwa maneno mengine, mwendesha bodaboda wa Mloka anaweza kuwa amekalia urithi wa Honda bila jina hilo kuandikwa kwenye tangi.

Hata hivyo, injini hiyo ilibuniwa kuvumilia uzembe kidogo. Haikubuniwa kuishi bila oili. Oili ya pikipiki ya aina hii hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hulainisha pistoni na kraki, hulainisha gia, na huzunguka kwenye klachi. Pia hubeba joto na uchafu. Inapochakaa, kila sehemu inaumia.

KUBADILISHA OILI NYUMBANI

Kazi hii haihitaji gereji. Inahitaji spana inayokaa sawasawa kwenye nati, beseni au dumu lililokatwa, kitambaa safi, faneli na oili mpya. Injini za ukoo wa CG125 huchukua karibu lita moja. Kwa pikipiki nyingine, fuata kitabu chake.

Kwanza, washa injini dakika tatu hadi tano ili oili ipate joto na kubeba uchafu, kisha izime. Isiwe ya moto wa kuunguza. Simamisha pikipiki mahali tambarare kwa stendi kubwa. Futa mchanga kuzunguka nati ya chini na kifuniko cha juu kabla ya kufungua, kwani mchanga ukiingia ndani kazi yote ni bure.

Pili, weka beseni, fungua kifuniko cha juu, kisha nati ya chini. Acha oili ichuruzike kwa dakika kumi. Itazame. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa na chembe za chuma zinazong'aa, kuna kitu kinalika ndani na fundi aitwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Pikipiki iliyovushwa kwenye maji marefu, kama ilivyotokea kwa nyingi wakati wa mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024, ikaguliwe oili siku hiyo hiyo bila kungoja kilometa zitimie.

Tatu, injini nyingi za aina hii zina chujio dogo la waya badala ya chujio la karatasi. Lioshe kwa petroli kidogo mbali na moto na sigara, likauke, lirudishe. Angalia washa ya nati. Ikiwa imepasuka, weka mpya.

Nne, rudisha nati kwa vidole kwanza hadi ishike nyuzi vizuri, ndipo utumie spana. Usikaze kwa hasira. Sehemu ya chini ya injini ni alumini, na nyuzi zikikatika gharama yake huzidi oili ya miezi mingi.

Tano, mimina oili kwa kipimo. Washa injini dakika mbili, izime, isubiri kidogo, kisha pima kwa kijiti. Katika pikipiki nyingi za aina hii kijiti hutumbukizwa tu bila kukazwa wakati wa kupima. Oili ikae kati ya alama mbili. Kuzidisha nako kunaharibu.

Nunua oili ya pikipiki, si ya gari. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano zinazofanya klachi iteleze. Hakikisha kifuniko cha chupa hakijawahi kufunguliwa na alama ya TBS ipo, kwa kuwa oili chakavu huchujwa na kurudishwa kwenye chupa. Oili iliyotoka isimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Ikusanywe kwenye dumu lenye mfuniko na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya oili chakavu.

HESABU YA MWENYE PIKIPIKI

Pikipiki mpya hubadilishiwa oili mapema, ndani ya kilometa 500 hadi 1,000 za kwanza. Baada ya hapo, kwa njia za mchanga na mizigo, kilometa 2,000 ni kipimo cha busara. Bodaboda inayokwenda kilometa 100 kwa siku hufika hapo kwa siku 20, yaani karibu wiki tatu. Mkulima anayetumia pikipiki yake mara chache asingoje kilometa. Abadilishe walau mara mbili kwa mwaka.

Tuchukue mfano, na kila mmoja aweke bei ya dukani kwake. Tuseme lita ya oili ni Sh 12,000. Kubadilisha kila wiki tatu ni mara 17 kwa mwaka, jumla Sh 204,000. Anayechelewesha hadi wiki sita anaokoa nusu, yaani Sh 102,000. Sasa injini ikinoki mara moja, na tuseme pistoni, ringi, kuchonga silinda na ufundi ni Sh 250,000, na pikipiki ikae siku saba bila kuleta hesabu ya Sh 10,000 kwa siku, hasara ni Sh 320,000. Akiba imeliwa mara tatu. Kama anayebadilisha mwenyewe anaepuka kumlipa fundi Sh 3,000 kila mara, amebakiwa na Sh 51,000 kwa mwaka, inayotosha lita nne za oili na chenji.

Mwenye pikipiki aliyemkabidhi kijana kwa mkataba anapaswa kuandika ndani ya makubaliano ni nani ananunua oili na lini. Penye utata, kila mmoja humngoja mwenzake, na injini ndiyo inayolipa.

MWISHO WA SAFARI

Soichiro Honda alifariki dunia Agosti 5, 1991 jijini Tokyo kutokana na ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa. Aliona si haki kwa mtu aliyeishi kwa kutengeneza magari kusababisha foleni ya magari barabarani siku ya kuzikwa kwake.

Aliacha kampuni inayojulikana kila bara, lakini mwanzo wake ulikuwa tone la oili na mtoto asiyeogopa kuchafua mikono. Mwenye pikipiki wa Mloka hana haja ya kuvumbua injini. Anachohitaji ni spana, lita moja ya oili safi na kipande cha chaki cha kuandika ukutani tarehe aliyobadilisha, ili wiki tatu zikitimia asiwe na kisingizio.